Karani wa Korti ya Mgambo

Wateja wa Victorine humcheka kwa jinsi anavyoandika vipimo. Mafundi wengine wa Hillbrow, hapa Johannesburg, huchana kipande cha boksi, wakaandika kiuno na nyonga, wakakibana kwenye kitambaa kwa pini, basi. Yeye ana daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mteja ana ukurasa wake: jina kamili, tarehe, saa aliyofika, halafu vipimo kumi na viwili, mstari mmoja mmoja, vimenyooka kama watu waliopangwa gwaride. Akikosea hafuti. Anapitisha mstari mmoja juu ya kosa, anaandika lililo sawa pembeni, na kutia herufi za kwanza za jina lake.

"Shoga, hapa ni kwa fundi au mahakamani?" Zabibu alimuuliza wiki ya kwanza walipoanza kushirikiana chumba. Victorine akatabasamu, akasema ndivyo alivyofundishwa, akainamia cherehani.

Zabibu ni mwanamke wa Tanga, anawashonea mabaibui kina mama wa Fordsburg, mcheshi, sauti yake inasikika mpaka ngazi za chini. Victorine ni Mkongo wa mashariki, mtu wa kanisa, si msemaji. Chumba chao cha kushonea kiko ghorofa ya pili juu ya duka la simu, na dirisha linatazama robot, taa za barabarani, ambapo teksi hupiga honi tangu asubuhi. Wamekaa vizuri miaka sita. Zabibu alijua kwamba mwenzake hana mume wala mtoto, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, hapendi kuchelewa, na kwamba huko kwao alikuwa sekretari wa shule. Hilo la shule ndilo Victorine alilomwambia kila mtu. Ndilo aliloandikisha hata kwenye ofisi ya wakimbizi, miaka kumi iliyopita, afisa alipomuuliza kazi aliyokuwa akifanya.

Ilikuwa nusu ya kweli. Chumba alichofanyia kazi kilikuwa darasa.

Mwezi wa nane mwaka jana akaja mteja aitwaye Arlène. Ni msusi, ana kiti chake kando ya barabara karibu na soko, na Victorine alikuwa amemwona mara mbili tatu kwenye ibada za pamoja za Wakongo. Alikuja kushonesha gauni la harusi. Alikuja na binti yake, Carmel, msichana wa miaka kumi na tatu aliyeelewa Kiswahili chote lakini akijibu kwa Kiingereza, na alipochoka kukaa akaenda dirishani kuhesabu teksi.

"Yaya Victorine, nataka mikono mirefu," Arlène alisema, akimwita dada mkubwa kama Wakongo wanavyoita. "Mimi si msichana tena. Na nyuma usiache wazi, pasta hapendi."

"Harusi ni lini?"

"Ndiyo shida yenyewe. Tarehe tunayo, ila Pasta Marcellin amekataa kutufungisha." Alinyoosha mikono apimwe. "Anasema mimi ni mke wa mtu. Nikamwambia, pasta, huyo mtu aliniacha siku mtoto alipozaliwa, miaka kumi na tatu sijasikia hata salamu. Anasema haitoshi. Lete mtu mwenye kujua kwa hakika kama amekufa, aape polisi, muhuri upigwe. Sasa mimi huyo mtu nitamtoa wapi? Gradi, mchumba wangu, maskini amechoka. Kila akitoka lindo kule Randburg anapita kwa pasta kumbembeleza."

Victorine alikuwa amezungusha futi kwenye kifua cha Arlène. "Alikwenda wapi, huyo wa kwanza?"

"Alikuwa mgambo. Wale wa mkoa, waliokuwa na sare za kijani. Nilipopata uchungu alikuja, akanibeba na kaka yangu mpaka kwenye kituo cha afya. Akamwona mtoto. Kesho yake asubuhi akaniambia, narudi kazini, nitakuja Jumapili." Arlène alicheka bila furaha. "Jumapili gani, hakusema. Wiki ileile waasi walifunga barabara ya mjini, sisi tukakimbia; baadaye watu wakasema walimwona mpakani na mwanamke mwingine. Hénock Mapendano alikuwa na sura nzuri, wanawake walimpenda."

Futi ikaanguka. Victorine akainama kuiokota, akakaa chini kule muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota futi. Alipoinuka aliandika kipimo cha kifua, akakiandika vibaya, akapitisha mstari.

"Alhamisi ijayo saa nne," akasema. "Uje kujaribu."

Arlène na binti yake walipotoka, Zabibu akamtazama. "Una nini? Umekuwa kama uliyemwona jini."

"Njaa tu," Victorine alisema.

Alimfahamu Hénock Mapendano. Alimwona kwa siku mbili tu za maisha yake, lakini hakuna mtu, hata ndugu zake wa tumbo moja, ambaye uso wake aliukumbuka vizuri kuliko ule.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Victorine alipokuwa na umri wa miaka ishirini na nne, mkoa wao uliunda mgambo wake. Jeshi la serikali lilikuwa mbali na waasi walikuwa karibu, kwa hiyo vijana wakaitwa, wakapewa sare za kijani na bunduki kuukuu, wakatumwa kulinda madaraja na barabara. Haukupita mwezi wakaanza kuwa balaa wao wenyewe. Walichukua mbuzi wa watu, walilewa kwenye vizuizi, walirudi nyumbani wakati wa mavuno bila kumuaga mtu. Basi mkoa ukawaletea kitabu cha kanuni chenye vifungu arobaini na viwili, na korti ya kijeshi ya kusimamia vifungu hivyo.

Rais wa korti alikuwa Meja Théodore, ambaye kabla ya vita alikuwa mkaguzi wa shule. Alikuwa mtu msafi, mwenye miwani, asiyepandisha sauti. Alichukua darasa la nne la shule ya msingi iliyofungwa, akaweka meza mbele ya ubao, na akatangaza anatafuta karani anayejua kupiga mashine. Victorine alikuwa na cheti cha usekretari na hakuwa na kazi. Alipewa mashine ya taipu, meza ya mwanafunzi ambayo magoti yake hayakuingia, na somo ambalo hakulisahau.

"Sisi bila karatasi ni majambazi," Meja alimwambia siku ya kwanza. "Hukumu ikiandikwa ni sheria. Isipoandikwa ni kupigana tu. Kwa hiyo ukikosea usifute. Piga mstari, andika sahihi, tia herufi zako. Kila mtu aone kwamba hatukuficha kitu."

Meja alitaka kumbukumbu zote ziwe kwa Kiswahili, ili askari yeyote asije akasema hakuelewa. Na Victorine, lazima isemwe, aliipenda kazi ile. Aliona mambo yakinyooka. Aliyeiba mbuzi alipigwa fimbo ishirini mbele ya mwenye mbuzi, na mbuzi akarudishwa. Sajini aliyempiga mama mzee kwenye kizuizi alivuliwa cheo, akafungwa mwezi mzima kwenye kasho, ambayo ilikuwa kontena la chuma nyuma ya vyoo vya shule. Mchana lilikuwa tanuri, na waliotoka humo walitembea wakiwa wameshika ukuta. Hilo halikumpendeza, lakini aliliandika: siku ya kuingia, siku ya kutoka, hali ya afya. Kulikuwa pia na kifungu cha kumi na saba, kuhusu kuacha lindo. Kilikuwa na sehemu mbili. Askari aliyeacha lindo akarudi mwenyewe ndani ya siku tatu: fimbo thelathini na kuvuliwa cheo. Askari aliyeacha lindo akakamatwa: kupigwa risasi. Kwa miezi mitano sehemu ya pili haikutumika hata mara moja.

Halafu Jumanne moja alfajiri waasi walishambulia daraja. Walinzi walitakiwa wawe watatu na walikuwepo wawili. Wote wawili walikufa. Wa tatu alikuwa ameondoka Jumatatu jioni, amemwambia mwenzake kwamba mke wake ana uchungu.

Jumatano saa tatu asubuhi Victorine alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi akipunga utepe wa mashine uliomwagikiwa maji. Aliona kijana mrefu akija kwa barabara ya shule, peke yake, bunduki begani, sare imefuliwa na bado ina unyevu kwenye kola. Kijana akasimama mbele yake.

"Dada karani, ninaripoti. Hénock Mapendano, wa daraja. Nianzie kwa nani?"

"Sajini wa zamu hayupo, anakuja," Victorine alimjibu. "Wewe ndiye uliyekwenda nyumbani?"

"Ndiyo. Nimepata mtoto wa kike." Alitabasamu. Alikuwa bado hajaambiwa kuhusu daraja. Alikaa kwenye ngazi, akasubiri karibu robo saa, na sajini alipofika na askari wake, Hénock alisimama akapiga saluti. Ndipo wakamwangusha chini wakamfunga mikono.

Kesi ilisikilizwa siku ileile alasiri. Mji ulikuwa na misiba miwili na watu walikuwa wamejaa uani mwa shule. Asubuhi ile gavana alikuwa ametuma ujumbe kwamba mkoa unataka kuona mfano. Ubaoni, nyuma ya kichwa cha Meja, bado kulikuwa na hesabu za kuzidisha alizoandika mwalimu wa mwisho. Kesi nzima ilichukua dakika arobaini.

Mwendesha mashtaka, luteni mmoja kijana, alisema mshitakiwa alikamatwa karibu na kambi.

"Sikukamatwa," Hénock alisema. "Nilirudi mwenyewe. Niliripoti. Muulizeni dada karani, yeye ndiye niliyeripoti kwake."

Darasa lote likageuka kumtazama Victorine. Vidole vyake vilikuwa juu ya mashine. Meja Théodore hakugeuka.

"Karani haulizwi," alisema. "Karani anaandika. Andika: mshitakiwa alikamatwa."

Akaandika. Herufi kumi. Alizisikia moja moja zikigonga karatasi. Alisubiri Meja aseme piga mstari, andika sahihi, na Meja hakusema. Ilipofika mahali pa maneno ya mwisho ya mshitakiwa, Hénock alirudia yaleyale, nilirudi mwenyewe, na Meja akaagiza pabaki wazi.

Kesho yake asubuhi walimpeleka nyuma ya tanuri la matofali, nje ya mji. Karani alitakiwa awepo kuandika saa. Aliandika: saa moja na dakika ishirini. Walimzika palepale. Baada ya wiki tatu Victorine aliomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake, na hakurudi. Mwaka uliofuata mgambo ule ukavunjwa, shule ikachomwa, na karatasi zote zikateketea. Meja, kwa alivyosikia, alikufa kwa ugonjwa wa sukari.

Hayo ndiyo aliyoyabeba akavuka Zambia na Zimbabwe, mpaka Johannesburg.

Sasa alikuwa na gauni la mke wa Hénock juu ya meza.

Alhamisi Arlène alikuja kujaribu, na Victorine hakusema kitu. Alibana pini kwenye mabega, akamwambia ageuke, akabana tena. Usiku hakulala vizuri. Ijumaa, Zabibu aliporudi kutoka kuswali, alimkuta mwenzake amekaa na mikono mapajani, cherehani imefunikwa.

"Leo utaniambia," Zabibu alisema, akavuta stuli. "Si njaa hiyo."

Victorine akamwambia. Lilikuwa jambo la ajabu kwake jinsi habari nzima ilivyokwisha upesi, kabla hata chai haijapoa. Zabibu alisikiliza bila mzaha wala kukatiza, na mwisho akauliza jambo moja tu.

"Makaratasi yako je? Uliwaambia wale wa ofisi ulikuwa mgambo?"

"Niliwaambia shule."

"Basi ukiapa polisi kwamba ulikuwa karani wa korti ya askari, na karatasi hiyo ikafika kwao, umejimaliza. Watakuita mwongo. Watasema wewe ulikuwa na wale waliokuwa wakiua watu."

"Nilikuwa nao, Zabibu."

Zabibu aliisogeza chai pembeni. Kisha akasema, "Mimi nisingesema. Nakwambia kweli ya moyo wangu. Ningeshona gauni hilo vizuri kuliko yote niliyowahi kushona, nikanyamaza." Akainuka, akachukua mkasi wake. "Lakini mimi si wewe. Mimi vipimo naandika kwenye boksi."

Jumamosi Victorine alimpigia simu Arlène, akamwambia aje, lakini aje peke yake.

Hakujua aanze wapi, kwa hiyo alianza kama kumbukumbu za korti zinavyoanza: mahali, siku, saa, waliokuwepo. Arlène alisimama karibu na meza akidhani anaambiwa habari za kitambaa. Alipolisikia jina la Hénock alikaa. Victorine alimweleza barabara ya shule, sare yenye unyevu, na maneno yale, nimepata mtoto wa kike. Alimweleza maneno ya mwendesha mashtaka na jibu la mshitakiwa. Alimweleza neno alilolipiga. Alimweleza tanuri la matofali.

Arlène hakulia. Uso wake uligeuka kuwa wa mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Ile sare niliifua mimi," alisema hatimaye. "Niko na mtoto wa siku moja, mama ananigombeza, nikaifua. Nikamwambia subiri ikauke, akasema nitachelewa." Akaligusa gauni mezani. "Miaka kumi na tatu nimemtukana. Carmel nimemwambia baba yako ni mbwa. Kila akikosea shuleni namwambia, umetoka kwa baba yako. Na wewe ulikuwa unajua."

"Sikujua kwamba ni wewe."

"Ulijua kuna mtu. Alikwambia ana mtoto. Ulijua mahali fulani kuna mtu."

Victorine aliokota pini iliyokuwa sakafuni.

"Wangekuuliza, ungesema nini?" Arlène aliuliza.

"Hawakuniuliza."

"Mimi nakuuliza."

"Nilikuwa naogopa," Victorine alisema. "Nadhani ningesema hakuripoti kwangu. Nadhani ningesema uongo kwa mdomo pia."

Arlène alivuta gauni kutoka mezani, na pini zake zote, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado, akalikunjia kwenye mfuko wa plastiki. Pini zilimchoma na hakujali. Mlangoni akageuka.

"Hiyo karatasi ya pasta utaiapa Jumatatu. Na haitoshi. Wao walimhukumu mbele ya watu. Nitamfanyia matanga. Utasimama mbele ya watu vilevile, useme."

Jumatatu Victorine alikwenda kituo cha polisi. Alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mkono, na Zabibu alimsindikiza mpaka mlangoni, akisema anapita tu kununua vitunguu. Ndani Victorine alipanga foleni na watu waliopoteza vitambulisho na mwanamume aliyeibiwa baiskeli. Victorine alikuwa amejiandaa kwa maswali. Konstebo kijana alimwinulisha mkono wa kulia, akamuuliza kama maneno haya ni yake na kama anaona kiapo kinamfunga, akagonga muhuri mara mbili, akasema, "Sharp, mama. Next." Hakusoma hata mstari mmoja.

Pasta Marcellin, ambaye kwaya ya Victorine pia ilikuwa chini yake, alisoma yote. Alisoma amesimama, akavua miwani, akaivaa tena. Alisema ndoa inaweza kufungwa. Halafu akasema, bila kumtazama, kwamba ingekuwa vizuri dada Victorine apumzike kwaya kwa muda, mpaka watu wazoee habari hii.

Matanga yalifanyika Jumapili mchana katika fleti ya binamu yake Arlène, ghorofa ya tisa. Lifti ilikuwa mbovu na kina mama wanene walipumzika kila ghorofa. Sebule ilijaa. Hakukuwa na picha ya marehemu, kwa sababu haikuwepo hata moja, basi waliweka kiti kitupu chenye kitambaa cheupe. Gradi, bwana harusi, alikuwa amevaa suti nyeusi na kuwagawia watu maji. Wengine walinong'ona kwamba ni ajabu mchumba kumlilia mume wa kwanza. Yeye hakuwajali.

Arlène alimwita kwa jina. Victorine akasimama karibu na kiti. Hakushika karatasi. Alisema kama alivyokuwa akisoma kumbukumbu wakati ule, polepole, ili kila askari aelewe.

"Korti ya kijeshi ya mgambo wa mkoa, iliyokaa katika darasa la nne. Rais, Meja Théodore. Karani, mimi. Mshitakiwa, Hénock Mapendano, mlinzi wa daraja. Shitaka, kuacha lindo. Mshitakiwa aliondoka Jumatatu jioni kumpeleka mke wake kujifungua. Alirejea Jumatano saa tatu asubuhi, akiwa na bunduki yake, akaripoti kwa karani." Akakigeukia kile kiti kitupu. "Iliandikwa alikamatwa. Niliandika mimi. Si kweli. Alirudi mwenyewe. Kwa kifungu cha kumi na saba adhabu yake ilikuwa fimbo thelathini na kuvuliwa cheo. Alipigwa risasi Alhamisi saa moja na dakika ishirini. Maneno yake ya mwisho hayakuandikwa. Alisema: nilirudi mwenyewe."

Mwanamume mmoja aliyekaa pembeni, ambaye wengi hawakujua alikuwa nani huko nyumbani, aliinuka akatoka, na viatu vyake vikasikika kwenye ngazi kwa muda mrefu. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti, ndipo Arlène naye akalia, kilio cha mwanamke aliyefiwa leo, na wenzake wakamzunguka. Carmel alikuwa amekaa sakafuni akiegemea ukuta. Alimwangalia Victorine muda mrefu, kisha akamuuliza, kwa Kiswahili, tena kilichovunjikavunjika, "Alikuwa murefu?"

"Mrefu sana," Victorine alisema. "Aliinama kupita mlangoni."

Msichana akatikisa kichwa kukubali. Arlène hakusema neno na Victorine, siku ile wala baadaye. Chakula kilipoletwa, Victorine alishuka ghorofa zote tisa na kwenda zake.

Harusi ilifungwa mwisho wa mwezi wa tisa. Gauni lilimaliziwa na fundi wa Fordsburg. Zabibu aliliona kwenye picha ya simu, akasema mkono wa kushoto ulivutwa vibaya. Hakusema hivyo kumfurahisha mtu, ulikuwa kweli umevutwa vibaya. Sare za kwaya, alizokuwa akishona Victorine, zilikwenda kwa fundi mwingine. Wateja wengine walihama, wengine walibaki, na wawili walikuja wapya, wanawake wa mashariki ambao waume zao walikuwa wamepotea kwenye mgambo uleule. Hawakuleta vitambaa. Walileta majina. Mmoja Victorine alimkumbuka, aliyekaa kasho siku kumi na nane akatoka hai. Wa pili hakumkumbuka, akamwambia hivyo wazi.

Mwezi wa tatu mwaka huu karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa inaisha. Alikwenda kuihuisha kama kawaida, na alipofika dirishani aliomba fomu ya kurekebisha maelezo. Afisa alimuuliza anarekebisha nini. Akasema, kazi niliyofanya nyumbani. Afisa akasema watu hurekebisha anwani au idadi ya watoto, kazi hakuna anayerekebisha. Victorine akasema yeye anarekebisha. Alipewa fomu. Aliandika kwamba alikuwa karani wa korti ya kijeshi ya mgambo, miezi sita, na akaambatisha nakala ya kiapo. Afisa aliisoma kidogo, akaita mwenzake, wakazungumza kwa Kizulu, wakamwongezea miezi sita na kumwambia ataitwa kwa mahojiano.

Hadi leo hajaitwa. Zabibu kila simu ikilia anauliza kama ni wao. Victorine husema si wao, ni mteja, na anaendelea kukata kitambaa.